Mkorosho umeandikwa jina la nani? Usawa wa kijinsia na mabadiliko ya tabianchi katika vijiji vya Mtwara na Lindi

Mleta mada (Tandahimba)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa shikamooni. Naandika nikiwa Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, kuhusu jambo ambalo katika mikutano yetu ya kijiji huwekwa mwisho wa ajenda, wakati watu wamekwisha kuinuka na kukung'uta nguo: uhusiano uliopo kati ya usawa wa wanawake na wanaume na uwezo wa vijiji vyetu kuhimili mvua zilizopoteza majira, joto linaloongezeka na vimbunga.

Hoja yangu ni moja. Kila kitu kinachotolewa ili mkulima au mvuvi ajiandae, kiwe salfa, mche bora, mkopo au tahadhari ya kimbunga, hupitia kwenye orodha fulani na humfikia yule ambaye jina lake limo. Katika vijiji vya Mtwara na Lindi majina hayo kwa sehemu kubwa ni ya wanaume. Kwa hiyo mwanamke anayeshinda shambani, anayeteka maji na anayejua ni mbegu ipi iliyoota baada ya mvua kukatika, hukutana na msimu mbaya akiwa mikono mitupu. Mvua haimbagui; maandalizi ndiyo yanayombagua, na hasara yake tunaila sote.

Nianze na korosho, kwa kuwa ndiyo inayosomesha watoto huku kwetu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mkorosho huchanua baada ya mvua hizo kwisha, kati ya Juni na Septemba, na maua yake yanataka anga kavu. Ukungu na unyevu wa asubuhi ukizidi, ugonjwa wa ubwiriunga hushambulia machipukizi na maua, yakasinyaa kabla ya kufunga. Dawa iliyozoeleka ni salfa ya unga, ambayo hupulizwa alfajiri majani yakiwa na umande ili unga ugande. Mvua ikinyesha Julai au Agosti, salfa iliyokwisha kupulizwa huoshwa ikaishia mchangani, blaiti, ugonjwa mwingine wa mikorosho, nayo hupata unyevu wa kusambaa, na mkulima hulazimika kurudia mzunguko mzima kwa gharama ile ile.

Sasa tuangalie kazi zinavyogawanyika. Palizi na kufagia chini ya mikorosho kabla korosho hazijaanza kudondoka ni kazi ambazo wanawake hubeba sehemu kubwa. Kuokota, kutenganisha korosho na bibo, kuanika na kuchambua ni kazi zao pia, wakiwa na watoto. Wanaume hubeba mashine ya kupulizia, na kazi hiyo ni nzito na ya hatari kwa mapafu. Sitaki mtu asome uzi huu akadhani napuuza jasho lao. Lakini pembejeo za ruzuku hugawiwa kwa mkulima aliyesajiliwa, kulingana na mikorosho iliyoandikwa kwa jina lake. Mwanamke aliyeachiwa mikorosho na mjomba wake, lakini siku ya usajili mume ndiye aliyekwenda kuandikisha shamba lote kwa jina lake, hupata salfa kwa hisani ya mume. Ndoa ikiwa njema, hilo halionekani. Mume akiwa na nyumba ya pili kijiji kingine, salfa huanza kwenda kule anakolala, na mikorosho ya mama huyu hukosa dawa katika mwaka ule ule ambao mvua ya Agosti imeiosha salfa ya mzunguko wa kwanza.

Nililiona hili ghalani kwa macho yangu. Mama mmoja alifika na korosho zake, zimeanikwa vizuri, zimechambuliwa, hakuna hata moja iliyosinyaa. Aliziweka kwenye mzani, karani akauliza jina, na bila kusita mama akataja la mumewe. Stakabadhi ikatoka kwa jina la mtu ambaye siku hiyo hakuwepo hata kijijini. Hakuna aliyemnyang'anya kitu pale. Utaratibu ulifuatwa neno kwa neno. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, na ambao kwa korosho ulianza mwaka 2007, umetusaidia sana dhidi ya walanguzi, nami nautetea. Lakini fedha ya mnada huingia kwenye akaunti ya aliyeandikwa, na siku inapoingia ndiyo siku inayoamuliwa kama nyumba itanunua mbegu za akiba, itaezeka bati au itanunua pikipiki.

Asiye na jina wala akaunti huishia kwenye kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo wa ghala. Mwezi Agosti mtoto akiugua, mama hawezi kukopa kwa dhamana ya korosho ambazo hazijaandikwa kwake, hivyo humwuzia mtu wa kangomba, kwa bei ya kutupwa, korosho ambazo bado ziko mtini. Tunawalaumu wanawake kwamba wanaendekeza kangomba, na viongozi huwatisha kwa sheria, ilhali mlango mwingine wa kupata fedha ya haraka hatujawafungulia. Mwaka ambao maua yameungua kwa ugonjwa, deni la kangomba halipungui pamoja na mavuno.

Jambo la pili ni maji, na hapa naomba ndugu zangu wa bondeni wanivumilie, kwa sababu anayeishi karibu na mto hawezi kulipima. Uwanda wa Makonde una udongo unaopitisha maji moja kwa moja. Mvua hunyesha, na baada ya saa chache juu pamekauka. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala na Tandahimba walishuka makorongo hadi kwenye chemchemi za chini na kupanda tena na maji kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, unaosukuma maji kutoka Mitema, ulianza enzi za mkoloni katika miaka ya 1950, na baadaye Finland ilifadhili miradi ya maji vijijini katika Mtwara na Lindi kuanzia miaka ya 1970. Pampu zikisimama, kazi hurudi kwenye kichwa cha mwanamke. Kiangazi kikirefuka, foleni za madumu hurefuka, na anayeamka saa tisa usiku kupanga dumu si baba mwenye nyumba.

Hapa ndipo mambo mawili hukutana kwa namna ambayo sijawahi kuisikia ikijadiliwa kwenye semina yoyote. Kwa kuwa mvua za nje ya msimu huiosha salfa ya unga, wakulima wengi wanashauriwa kutumia pia dawa za maji. Ushauri ni mzuri kitaalamu. Lakini dawa za maji zinahitaji maji ya kuchanganyia, na msimu wa kupulizia ndio ule ule ambao visima vimeanza kupungua. Nani atayaleta maji hayo shambani? Sijamsikia mtaalamu akiuliza swali hilo, kwa sababu kwenye hesabu ya gharama maji huandikwa sifuri. Yameandikwa sifuri kwa kuwa yanabebwa na mtu asiyelipwa. Kama mwanamke angekaa kwenye meza ambapo aina ya dawa inachaguliwa, swali hilo lingekuwa la kwanza kuulizwa, na huenda tangi la kuvunia maji lingenunuliwa kabla ya dawa. Nyumba nyingi huku zina visima vya kuvunia mvua kutoka kwenye bati, na ni teknolojia nzuri sana kwa uwanda huu. Mjane mwenye nyumba ya nyasi hana bati la kuvunia, na kwa hiyo hata mvua kubwa ya Januari humpita.

Jambo la tatu ni ardhi yenyewe. Mwanamke anayelima shamba la kuazima, la mume au la ukoo, huruhusiwa kulima mazao ya msimu: muhogo, karanga, njugu mawe, mbaazi, ufuta. Kupanda miti haruhusiwi, kwa sababu kwetu aliyepanda mti ameweka alama ya umiliki. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wametoa miche ya mikorosho iliyobebeshwa, inayozaa mapema kuliko ile ya mbegu, na kila siku tunaambiwa kwamba miti ndiyo kinga ya mkulima dhidi ya mabadiliko ya tabianchi, maana mizizi yake huenda chini na mti haufi kwa ukame wa mwezi mmoja. Basi kinga hiyo mwanamke huyu hawezi kuipata hata akipewa mche bure. Anabaki na mazao ya msimu, ambayo mvua ikikatika wiki tatu Januari yanaungua, na muhogo ambao magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia yanausumbua sana katika ukanda wetu wa pwani. Yakikosekana yote hayo, huingia porini kuchimba ming'oko, viazi vya porini, na pori nalo kila mwaka linasogea mbali.

Wale wanaopenda takwimu wanisikilize kidogo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti mwaka 2024 iliyotumia takwimu za kaya za vijijini kutoka nchi 24 na kuonyesha kwamba, kwa sababu ya joto kali, kaya zinazoongozwa na wanawake hupoteza asilimia 8 zaidi ya kipato kila mwaka kuliko zile zinazoongozwa na wanaume, na kwa sababu ya mafuriko asilimia 3 zaidi. Mwaka 2015 Benki ya Dunia na mashirika ya Umoja wa Mataifa walipima tofauti ya mavuno kati ya mashamba ya wanaume na ya wanawake katika Malawi, Tanzania na Uganda. Kwa Tanzania tofauti ilikuwa asilimia 16, na walikadiria kwamba kuiziba kungeongeza pato la taifa kwa dola za Marekani milioni 105. Sababu walizozitaja ni upungufu wa nguvukazi, pembejeo na mambo ya namna hiyo. Udhaifu wa mwanamke kama mkulima haumo katika sababu hizo.

Naomba michango yenu, hasa kutoka pwani, kwa kuwa mimi ni mtu wa korosho na bahari naijua kwa kusikia.

Mchangiaji (Nachingwea)

Mleta mada, nimekusoma hadi mwisho na nakuheshimu, lakini nina mashaka. Sisi watu wa Kusini, Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, asili yetu ni ukoo wa mama. Mtoto ni wa mama, mjomba ndiye mwenye sauti, na ardhi ilirithiwa upande wa mama. Mwanamke wa kwetu hajawahi kuwa mtumwa kama unavyotaka kumwonyesha. Haya ya usawa wa kijinsia kwenye tabianchi naona yameletwa na wafadhili, na wakiondoka na magari yao yanaondoka nayo. Isitoshe, kimbunga kikija baharini wanaokufa ni wavuvi wanaume, na kijana anayekimbilia mjini baada ya ufuta kuungua ni mwanamume. Mbona hao huwaandikii uzi?

Mleta mada (Tandahimba)

Ndugu yangu wa Nachingwea, umeuliza vizuri na nitakujibu kwa urefu unaostahili.

Ukoo wa mama ni kweli, na ni urithi ninaoupenda. Lakini tuseme wote tulichokiona. Ardhi ilipita kwa mama, ila aliyeigawa alikuwa mjomba, ambaye ni mwanamume. Kisha ukaja mkorosho. Mti huu unaishi miaka mingi na unaleta fedha, na baba aliyeupanda kwa mikono yake alitaka umfae mwanawe, si mpwa wake. Polepole, na kwa kusaidiwa na mirathi ya dini na usajili wa serikali, mikorosho ikatoka kwenye ukoo wa mama ikaingia kwenye jina la baba. Sisemi baba alikosea kumpenda mwanawe. Nasema binti alipoteza pande zote mbili: kinga ya mjomba imelegea, na jina lake kwenye daftari jipya halikuandikwa. Kwa hiyo unaponiambia kwamba mwanamke wa Kusini alikuwa na nafasi, nakubaliana nawe kabisa, na ndiyo sababu naumia kuiona ikipotea katika kizazi ambacho mvua nayo imeharibika.

Kuhusu wafadhili, hebu tuangalie tarehe. Mkataba wa Paris ni wa mwaka 2015, na mpango wa kazi wa jinsia chini ya mkataba wa tabianchi ulipitishwa Lima mwaka 2014, ukaongezewa miaka kumi mjini Baku mwaka 2024. Sheria yetu ya Ndoa ni ya mwaka 1971. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kupata, kutumia au kumiliki ardhi. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka huo huo, katika kifungu cha 161, inasema kwamba mwenzi aliyechangia kwa nguvu zake kuendeleza ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwenzake anahesabiwa kuwa na haki katika ardhi hiyo. Sheria hizi zimetungwa Dodoma na Dar es Salaam na Watanzania wenzetu. Waliokuja na magari wamezikuta.

Na juu ya wanaume wanaoumia, uko sahihi, na sipunguzi hata neno. Mvuvi hufa baharini. Mpuliza salfa hukohoa maisha yake yote. Kijana wa kiume anayehama baada ya ufuta kuungua huishi kwa tabu mjini. Lakini tazama nyumba aliyoiacha: palizi, maji, wazee na watoto vinabaki kwa mkewe, na anapokwenda kuomba mche au mkopo huambiwa amsubiri mwenye shamba. Mume yuko mbali, mke hana mamlaka ya kuamua, na shamba linakaa bila kuhudumiwa msimu mzima. Mume huyo angefaidika zaidi ya mtu mwingine yeyote kama jina la mke lingekuwamo.

Mchangiaji (Kilwa)

Kaka yangu wa Tandahimba, umeomba habari za pwani, nami ni mwanamke wa pwani, niliyekuzwa kwa fedha ya pweza. Naomba niseme.

Wanawake wa vijiji vyetu huenda mwambani kwa miguu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Tunatumia mti au chuma kutafuta mapango ya pweza, na ujuzi huu mama humfundisha binti yake. Wanaume huzamia kwa miwani kwenye maji ya kina. Zamani pweza alidharauliwa na kuachwa kuwa wa wanawake. Viwanda vilipoanza kununua na bei kupanda, wanaume nao wakaingia. Joto la bahari lilipoua matumbawe mengi mwaka 1998, miamba ya karibu iliumia, nasi ndio tunaoitegemea ile ya karibu. Anayezamia anaweza kufuata pweza kwenye kina. Mimi sijui kuogelea, na wanawake wengi wa rika langu hawajui, kwa sababu hatukufundishwa. Songosongo na kwingineko wamewahi kufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza akue, na unapofunguliwa anapatikana mkubwa. Jambo hilo ni zuri mno, lakini katika miezi ya kufungwa mwanamke hana pa kwenda, ilhali mwanamume anahamia kwenye samaki wengine kwa mtumbwi wake. Anayepanga mwamba upi ufungwe na lini ni kamati. Wanawake wakiwamo kwenye kamati, huomba mwamba mmoja wa karibu ubaki wazi.

Mwani ni hivyo hivyo. Mwani aina ya kotoni, wenye bei nzuri, haupendi maji ya moto; unapauka na kuoza. Wenzetu wa Zanzibar walianza kilimo cha mwani kibiashara mwaka 1989, na wameona hasara hiyo kwa miaka mingi. Dawa yake ni kuupeleka kwenye maji ya kina ambako ni baridi zaidi. Huko panataka chombo, na chombo ni cha mwanamume.

Halafu kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika hapa Somanga, magari yakalala. Tahadhari zilitolewa mapema na Mamlaka ya Hali ya Hewa, na wavuvi waliambiwa wasitoke. Nashukuru kwa hilo, kwani liliokoa roho. Lakini tangazo lilisema wavuvi, na mtu akisikia wavuvi anawaza wenye vyombo. Mwanamke anayekwenda mwambani kwa miguu hahesabiwi kuwa mvuvi, hana leseni ya chombo, na simu ya nyumba iko kwa mume.

Mleta mada (Tandahimba)

Dada yangu wa Kilwa, ahsante sana. Mchango wako umenifundisha, na nadhani umeeleza hoja yangu vizuri kuliko nilivyoieleza mwenyewe. Daftari lako ni leseni ya chombo. Langu ni usajili wa mikorosho.

Suala la tahadhari linahitaji uzito wake, kwa kuwa huku kwetu vimbunga si hadithi. Wazee wa Lindi bado wanasimulia kimbunga cha Aprili 1952. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na watu wa Mtwara mjini walihamishiwa mahali salama kwa tahadhari. Tuliponea chupuchupu. Wenzetu wa Bangladesh hawakupona mwaka 1991: watu takriban 140,000 walikufa katika kimbunga kimoja, na wanawake waliokufa walikuwa wengi mno kuliko wanaume. Walioichunguza sababu walieleza mambo ambayo dada yetu ameyataja bila kuwasoma: tahadhari iliwafikia wanaume sokoni na njiani, wanawake walikuwa nyumbani na watoto, wengi wakisubiri ruhusa ya mume kabla ya kuondoka, na wengi hawakujua kuogelea. Baadaye nchi hiyo iliwaingiza wanawake kwenye timu za kupeleka tahadhari nyumba kwa nyumba, na vifo katika vimbunga vya miaka iliyofuata vimepungua sana. Kipaza sauti cha msikiti, mabalozi wa nyumba kumi, kikundi cha vikoba, haya yote tunayo. Kinachotakiwa ni kamati ya maafa ya kijiji iandike kwa majina ni nani atakayekwenda mwambani kuwaita wanawake wakati wa bamvua, na nani atakayempitia mjamzito na mzee asiye na simu.

Kuhusu nishati ya kupikia sitasema mengi. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, na ni lengo zuri. Gesi asilia iligunduliwa Songosongo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, kwenye mikoa yetu hii hii, na mtungi wa kupikia ukiisha kijijini bado uamuzi wa kuujaza ni wa mwenye fedha, wala si wa mwenye kupuliza moto. Tukilitatua la fedha, la jikoni litafuata.

Mchangiaji (Ruangwa)

Nimesoma yote kwa makini. Mimi ni kijana, nimeoa hivi karibuni, tuna mikorosho michache na ekari za ufuta. Hoja nimeielewa na mke wangu ameisoma pia. Swali letu ni la vitendo: mtu wa kawaida, asiye kiongozi, aanzie wapi? Tukisubiri serikali tutazeeka.

Mleta mada (Tandahimba)

Mdogo wangu wa Ruangwa, mpe shemeji salamu zangu. Swali lako ndilo nililolitaka.

Anza na usajili wa mikorosho, kwa sababu hauhitaji fedha nyingi na matokeo yake huonekana msimu ule ule. Nendeni wote wawili kwa mtendaji wa kijiji na kwenye chama chenu cha msingi cha ushirika, mkiwa na vitambulisho vya taifa, muombe mashamba yenu yatenganishwe kwenye orodha: mikorosho yako kwa jina lako, ya mkeo kwa jina lake, kila mmoja na idadi yake. Watu huogopa kwamba hiyo ni dalili ya kutaka kuachana. Waelezeni ukweli, kwamba ukisafiri au ukiugua Juni, mkeo ataweza kuchukua salfa yake bila kukusubiri. Kisha mkeo ajiunge na chama cha msingi kama mwanachama kamili, alipe kiingilio na hisa kwa jina lake, afungue akaunti. Asiye mwanachama hapigi kura, na kwenye mkutano mkuu wa chama ndiko makato, pembejeo na viongozi hujadiliwa. Wanawake watano wakiingia kwa pamoja ni rahisi kuliko mmoja, kwani mmoja akisimama kuuliza juu ya maji ya kuchanganyia dawa ataambiwa anapoteza muda wa watu.

La ardhi huchukua muda zaidi. Kijiji chenu kikiwa na cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila iandikwe majina yenu mawili. Fomu ina nafasi hiyo, ila karani asipoambiwa huandika jina moja. Kwa shamba ambalo shemeji amepewa upande wa kwao, iandikwe hati ya peke yake, na wajomba zake waje kushuhudia. Huo ndio urithi wa ukoo wa mama ambao ndugu yetu wa Nachingwea anautetea, na hati inaulinda kuliko maneno. Mgogoro ukitokea, baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na sheria inataka wasiopungua watatu wawe wanawake. Kama lenu halina watatu, uliza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Uliza kwa adabu, lakini jibu liandikwe kwenye muhtasari.

Halafu kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Wengi huiomba kwa ajili ya kuuza vitenge au kufuga kuku, na si vibaya. Ningeshauri kikundi cha shemeji kifikirie matangi ya kuvunia maji, au miche iliyobebeshwa ya kuuza kwa majirani, kwa kuwa soko la miche bora lipo kila mwaka na kitalu kinaweza kukaa uani, mahali ambapo mwanamke hahitaji ruhusa ya mtu kupanda. Kitalu kinataka kivuli, udongo wa msituni na maji kila siku, hivyo kwanza hesabuni maji.

Na wewe mwenyewe, mdogo wangu, siku ya kupuliza dawa ya maji beba madumu ya kwenda shambani pamoja na mashine. Wanaume wenzako wakikuona umefanya hivyo msimu mmoja, wataanza kuyahesabu maji katika gharama, na hata afisa ugani atayaandika.

Jambo la mwisho ni wakati. Orodha ya pembejeo huhakikiwa kabla salfa haijagawiwa, na salfa ikishagawiwa hakuna atakayefungua daftari tena hadi msimu mwingine. Ulizeni kwa mtendaji sasa hivi uhakiki wa kijiji chenu umepangwa lini, na mwende mapema, wote wawili.